Kichanga ni kifumbu: ninavyozilisha tungule zangu mbolea ya chumvichumvi

Mwaka wa kwanza nilipolima tungule (nyanya) za kuuza niliua miche sitini kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimenunua Urea kilo tano, ya kupimiwa, na kichwani nina neno moja tu nililolisikia kwa watu: mbolea hunenepesha. Basi nikatia konzi kwa kila mche, pale pale kwenye kitako cha shina, nikamwagia maji kidogo nikaenda zangu. Asubuhi majani yamelegea. Siku ya tatu yamekauka kingo kama yaliyobabuliwa. Mzee mmoja tunayepakana naye akapita na jembe lake begani, akasimama, akainama, akaniambia, "Mwanangu, hizi umezifanya achari."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba," ilhali sikumfahamu hata kidogo. Nilikuja kumfahamu usiku, nilipofungua chupa ya ndimu. Ndimu ukiitia chumvi hutoa maji yake yenyewe. Ndiyo maana chupa ya achari hujaa bila ya wewe kutia hata tone. Mbolea nyingi za dukani ni chumvi kweli, na waliozipa jina la chumvichumvi hawakukosea. Zikizidi kwenye mchanga ulioizunguka mizizi, maji hayaingii tena ndani ya mzizi, bali yanatoka. Mche unakufa kwa kiu na huku mchanga umerowa. Urea nayo ina balaa la ziada: ikishaanza kugeuka hutoa amonia, gesi ya harufu kali, na amonia huchoma mizizi michanga moja kwa moja.

Tangu mwaka ule nimejifunza kwa bibi shamba wetu, kwa kusoma maandishi ya kwenye mifuko, na zaidi kwa kuharibu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya mimi, Pemba, kati ya Wete na Konde, kwenye kipande kisichofika robo eka. Ardhi yako ikiwa ya namna nyingine utabadilisha vipimo, lakini sababu zitabaki zile zile.

Kabla ya kununua chochote, ijue ardhi

Wazee wetu walikwisha kuzipa ardhi majina kabla hajaja mtaalamu yeyote. Kuna kichanga, ardhi ya mchanga mtupu. Kuna kinongo, ile nyekundu. Kuna kinamo cha bondeni, kinachonata kwenye jembe na kupasuka wakati wa kiangazi. Na kuna uwanda, ardhi nyembamba juu ya mawe ya matumbawe, unayoiona sana ukienda upande wa mashariki. Kilima cha kwetu juu kina mikarafuu na minazi, chini ni majaluba ya mpunga, na mimi nimo katikati kwenye mteremko, kichanga kitupu.

Kichanga ni kifumbu. Kila mwanamke aliyekamua nazi ananielewa: ukimimina maji juu, tui lote linapita, yanabaki machicha. Pemba hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake humwagika katika miezi ya masika. Chochote ulichokitia juu ya kichanga, mvua ya siku mbili inaweza kukishusha mpaka pasipofika mzizi wa tungule.

Sababu yake ni hii. Chembe za kinamo, na za samadi iliyooza vizuri, zina chaji hasi, nazo huvuta vitu vyenye chaji chanya kama sumaku inavyovuta msumari. Potasiamu, kalsiamu na amoniamu (sura mojawapo ya naitrojeni) hunasa hapo, mizizi ikaja kuvichukua kwa wakati wake. Punje za mchanga ni kubwa na laini, karibu hazina pa kunasia. Na naitreti, ambayo ndiyo sura ya naitrojeni inayopendwa na mimea mingi, ina chaji hasi nayo, kwa hiyo hainaswi hata na kinamo. Inafuata maji yanakokwenda. Kwetu sisi yanakokwenda ni chini, kwenye kisima kile kile tunachochotea maji ya kunywa. Kwa hiyo matuta yangu ya mwisho yameishia mbali na kisima, na pale karibu nimepanda migomba isiyotiwa mbolea ya dukani.

Kutokana na hilo kanuni yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake: kwenye kichanga, tia kidogo, tia mara nyingi, na usitie kamwe bila ya samadi. Samadi haina naitrojeni nyingi, na anayekuambia ndoo ya samadi ni sawa na kilo ya Urea anakudanganya. Kazi yake kubwa kwangu ni kuziba matundu ya kifumbu.

Tarakimu tatu za kwenye mfuko

Usinunue kwa rangi wala kwa picha ya mahindi. Tafuta tarakimu tatu zilizoungwa kwa vistari. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosforasi, ya tatu ni potasiamu, na kila moja ni asilimia ya uzito. Mfuko wa DAP, mbolea ya naitrojeni na fosforasi, umeandikwa 18-46-0. Katika kilo 50, naitrojeni ni kilo 9, potasiamu hamna. Ile 46 ina ujanja kidogo, kwa sababu viwanda huhesabu fosforasi pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Kwa hiyo katika zile kilo 23 zinazotajwa, fosforasi yenyewe ni kama kilo 10. Potasiamu nayo huhesabiwa hivyo hivyo, lakini kwa kulinganisha mfuko na mfuko haikusumbui, maana wote wanahesabu kwa namna moja.

Urea ni 46-0-0, yaani kilo 23 za naitrojeni kwa mfuko. CAN (kalsiamu amoniamu naitreti) ni asilimia 26 au 27, yaani kama kilo 13. SA (salfeti ya amoniamu) ni 21, yaani kilo 10 na nusu, ila yenyewe inakuja na salfa asilimia 24. Siku moja mtoto wa dada yangu alinijia na furaha kwamba amepata SA kwa bei nafuu kuliko Urea. Nikamwambia, kaa chini tugawe: bei ya mfuko kwa kilo za naitrojeni zilizomo ndani. Tulipogawa, "nafuu" yake ilikuwa ghali. Hesabu hii haichukui dakika moja na unaweza kuifanya pale pale mbele ya muuza duka, hata kama atanuna.

Virutubisho hivyo vitatu vya kwenye mfuko vimetoka mahali tofauti. Naitrojeni inatoka hewani. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewa. Kunde na choroko zinaweza kidogo, kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vifundo vya mizizi yao. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuikamata kwa moto mkali na mgandamizo, akaiunganisha na haidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaifanya kazi ya kiwanda. Haidrojeni hiyo leo hutolewa zaidi kwenye gesi asilia, na ndiyo maana gesi ikipanda bei huko duniani, Urea inapanda Konde. Fosforasi inatoka kwenye mwamba. Tanzania tunao mmoja unaojulikana, wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Potasiamu huchimbwa kwenye matabaka ya chumvi ya bahari zilizokauka zamani mno.

Na ndani ya mmea? Naitrojeni hujenga protini na ule ukijani wa jani, ambao ndio jiko la mmea. Fosforasi inabeba nguvu ndani ya seli, na mmea mchanga unaihitaji sana ili utoe mizizi. Potasiamu hufungua na kufunga vinyweleo vya jani, hivyo inatawala maji, na ndiyo inayosaidia sukari isafiri kutoka kwenye jani mpaka kwenye tunda. Tungule isiyopata potasiamu ya kutosha huiva madoadoa, na ukiikata ndani ina mapango.

Watu hukosea wakidhani kimoja kinaweza kufidia kingine. Mjerumani mwingine, Justus von Liebig, alilieneza katika karne ya 19 wazo kwamba kilichopungua zaidi ndicho kinachopanga mavuno, na kwetu linaeleweka jikoni: ukiwa na pishi tano za mchele na nazi moja, hupiki pishi tano za wali wa nazi. Utapika wa nazi moja. Mchele uliobaki hauna faida, hata uongeze gunia. Ardhi yenye upungufu wa potasiamu, ukiimwagia Urea, umeongeza mchele.

Soma majani kabla ya kutia

Hapa ningependa ukae kidogo, kwa sababu nimeona watu wengi wakitia mbolea kwa kalenda ya jirani.

Naitrojeni ikipungua, majani ya chini, yale ya zamani, hugeuka manjano kwanza. Mmea unaihamisha kutoka kwa wazee unawapa vijana. Ukiona hivyo kwenye tungule ya wiki tatu, ina njaa. Ukiona hivyo kwenye tungule uliyokwisha kuivuna mara tano, ni umri tu, iache. Fosforasi ikipungua, mche hudumaa na chini ya jani hutokea rangi ya zambarau. Wakati wa kipupwe, kukiwa na ubaridi asubuhi, hata mche wenye afya unaweza kufanya hivyo kwa siku chache, usikimbilie dukani. Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya zamani huungua, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

Chuma kinajionyesha upande wa pili: majani machanga ya juu huwa manjano na mishipa yake inabaki kijani. Hiyo utaiona uwandani, ambako chokaa ya matumbawe huizuia chuma isiyeyuke. Ndugu yetu mmoja wa upande wa Micheweni alihangaika na bilingani za namna hiyo msimu mzima akizimwagia Urea. Chuma ilikuwamo ardhini, ila imefungiwa. Kwenye ardhi ya chokaa mimi ningechagua SA, kwa sababu inaongeza uchachu kidogo karibu na mzizi, na ningeizika vizuri, kwani juu ya chokaa amonia hupeperuka upesi. Kwenye ardhi yenye uchachu, kama kilima chetu chekundu, SA ukiitumia mwaka baada ya mwaka inaharibu. Hapo CAN ni bora.

Na kuna ugonjwa ambao si ugonjwa: tungule kuoza kitako. Doa jeusi, kavu, chini ya tunda, mbali na kikonyo. Duka moja waliniuzia dawa ya ukungu, nikapiga bomba mara tatu, pesa ikaenda. Kumbe ni kalsiamu haikufika kwenye tunda, na mara nyingi haikufika kwa sababu ya umwagiliaji: leo nyingi, kesho na keshokutwa hamna. Kalsiamu husafiri na maji tu, haina miguu mingine. Nilipoanza kumwagia kila siku asubuhi kiasi kile kile, na kutandaza majani makavu ya mgomba juu ya tuta, doa likapungua lenyewe.

Ukiweza kupima udongo, pima. Chota sehemu kama kumi na tano kwa kwenda upogo shambani, kina cha shubiri moja, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, toa nusu kilo, kausha kivulini, mpe bwana shamba aipeleke. Usichote palipokuwa na jaa wala palipochomwa taka, utapata majibu ya jaa.

Kipimo changu ni kizibo cha soda

Niliacha konzi siku ile ile ya miche sitini. Sasa natumia kizibo cha chupa ya soda, kile cha bati. Nilivichukua vizibo kumi vya DAP nikavipima kwenye mizani ya muuza viungo, vikatoka kama gramu 50. Basi kizibo ni gramu 5. Urea ni nyepesi, kizibo chake ni kama gramu 4, nawe fanya jaribio lako maana vizibo havifanani na mikono ya kukunguta haifanani.

Mfano wangu ni miche 400 ya tungule, shina na shina sentimita 60, mstari na mstari sentimita 75. Napandikiza masika yakishaisha, mwezi wa Juni au Julai.

Wiki tatu kabla, naingiza samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja kwa kila hatua mbili za tuta, nachanganya na jembe. Iwe imepoa na haina harufu ya zizi. Samadi mbichi inaunguza, tena inakuletea mbegu za magugu ya kijiji kizima.

Siku ya kupandikiza, kila shimo linapata vizibo viwili vya DAP, halafu naifukia kwa mchanga wa unene wa vidole vitatu, ndipo mche unakaa juu. Fosforasi haisafiri. Pale ulipoiweka ndipo itakapokaa, tena kwenye ardhi nyekundu chuma na aluminiamu huishika, na uwandani kalsiamu huishika. Ukiitawanya juu ya tuta umelisha mchanga. Ukiiweka chini ya mche, mzizi unashuka na kuikuta. Kwa miche 400 ni kilo 4.

Wiki mbili au tatu baadaye, mche ukishachangamka, kizibo kimoja cha CAN. Nachora duara kwa kidole kulizunguka shina, umbali wa upana wa kiganja, kina cha pingili moja ya kidole, nanyunyiza humo, nafukia, namwagia. Hii ni kilo 2 kwa shamba zima. Ukiwa na Urea badala ya CAN, nusu kizibo kilichojaa kinatosha, na hapo kufukia ni lazima. Ukiiacha juu ya mchanga wenye unyevu na jua la saa sita, Urea inageuka amonia na kupaa, na wewe umelipia upepo.

Ua la kwanza likitokea, napumzisha CAN na kushika NPK, yenye vyote vitatu, ya 17-17-17, vizibo viwili, duara sasa liwe umbali wa shubiri kwa sababu mizizi imekwenda mbali. Kama wiki nne baada ya hapo, matunda ya mwanzo yakianza kubadilika rangi, tena vizibo viwili. Hizo mbili ni kilo 8. Jumla ya msimu wote ni kilo 14, nami nagawana mfuko na jirani zangu wawili.

Kwa nini nisiendelee na CAN wakati wa maua? Kwa sababu naitrojeni ikizidi, mmea husahau kuzaa. Yule mtoto wa dada yangu, msimu aliopata SA yake, alitia kila wiki. Tungule zikamfika kifuani, kijani kibichi, majani mapana kama ya mboga ya maboga. Watu walikuja kupiga picha. Matunda ukayahesabu kwa vidole, na nzi weupe wakahamia huko wote, maana jani laini lenye naitrojeni nyingi ndiyo karamu yao.

Mvua ya mchoo, ile ya baada ya masika, ikipiga kwa nguvu siku moja au mbili baada ya kutia CAN, narudia nusu kizibo, si zaidi. Ikiwa mawingu yamekwisha kufunga, sitii kabisa, nasubiri. Na mchanga ukiwa mkavu sitii vile vile; kwanza maji, kesho yake mbolea, kisha maji tena.

Mchicha ni mwepesi. Majani ndiyo mavuno, kwa hiyo hapo naitrojeni haina lawama: kijiko cha chai cha Urea kwenye ndoo ya lita kumi, koroga, mwagia mashinani jioni, kisha suuza majani kwa maji matupu. Mara moja baada ya kila kukata. Usizidishe, na usivune kesho yake.

Bondeni kwa mpunga mambo hugeuka

Mpunga ni wa mama mkwe wangu, mimi ni msaidizi tu, na yeye ana maneno yake. Lakini kwa hili tumekubaliana: CAN haiingii kwenye jaluba lenye maji. Chini ya maji hakuna hewa, na bakteria wanaoishi humo huichukua oksijeni ya kwenye naitreti. Naitrojeni inabaki gesi, inapanda juu kwa mapovu, kwisha. Mpunga unatumia amoniamu bila ya shida, kwa hiyo tunatumia Urea.

Kwa eka moja, mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupandikiza, na mfuko mmoja wa Urea uliogawanywa mara mbili: nusu kama wiki tatu baada ya kupandikiza, nusu mpunga ukianza kubeba mimba. Kabla ya kutia Urea tunafungua tuta, maji yapungue mpaka yabaki ya kuficha kidole cha mguu, tunapalilia, tunarusha, tunaziba matundu yote ya tuta, na baada ya siku mbili au tatu tunarudisha maji. Ukiitia na tuta linavuja, umemtilia aliye chini yako. Mama mkwe wangu alikuwa akifurahia sana jaluba lake la mwisho bondeni, ati lina baraka. Baraka zake zilikuwa Urea yetu.

Usirushe asubuhi na mapema majani yakiwa na umande. Punje hunata kwenye jani na kulichoma.

Dukani, jikoni na ghalani

Mbolea ya kupimiwa kwa kilo ndiyo wengi tunayoimudu, nami bado nainunua, lakini nainusa, naishika na naijaribu. Urea halisi ukiitia kijiko kwenye glasi ya maji huyeyuka yote, na glasi inakuwa baridi mkononi mwako. Chumvi ya kupikia haifanyi hivyo kwa kiasi cha kuhisika, na mchanga unabaki chini. NPK ikiacha mashapo kidogo usimlaumu mtu, mara nyingi ina kijazio. Mfuko mzima uwe umeshonwa vizuri, una tarakimu zake na uzito wake. Nilishawahi kuuziwa "DAP" ambayo ilikuwa na punje za aina mbili ndani ya mfuko mmoja; nikairudisha, na baada ya maneno mengi nikarudishiwa nusu ya pesa.

Usichanganye majivu na mbolea yenye amonia. Majivu ya kuni ni mazuri, yana potasiamu na kalsiamu, mimi hutandaza konzi chache kwenye migomba. Siku moja nilitaka kuokoa safari, nikachanganya majivu na DAP kwenye karai moja. Harufu iliyotoka ilinitoa machozi, nikakohoa mpaka watoto wakakimbia. Ile harufu ndiyo naitrojeni niliyoilipia. Majivu na chokaa vitangulie kwa wiki mbili au tatu, mbolea ifuate.

Ghalani, adui ni unyevu. Hewa ya kwetu imejaa maji mwaka mzima, na Urea inayavuta hadi inakuwa jabali. Funga mfuko kwa kamba, uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mchele, mafuta ya taa na jiko. Ikishaganda haijaharibika, iponde uitumie. Vaa mpira mkononi kama una kidonda, na nawa kabla ya kushika chakula. Mbuzi nao wawe mbali: Urea wakiila nyingi huwaua upesi.

Gunia tupu, mume wangu alilitaka la kutilia karafuu. Ni zito, zuri, halijatoboka. Nikalichana katikati mbele yake, nikalitandika chini ya kuku.